Mafuta ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu alikuwa na pua ambayo niliionea wivu kabla sijaanza kuionea wivu mikono yake. Ungeweza kumfumba macho, ukamwekea mbele majani makavu, naye angekwambia yapi yamechumwa juzi na yapi yamelala wiki nzima kwenye mfuko wa nailoni. Alipoingia kwangu alinusa kwanza, kisha ndiyo akasalimia. Siku moja aliniambia kuwa mchele wangu umeshika harufu ya sabuni kwa sababu navihifadhi kabati moja. Nilimkatalia. Alipotoka nikafungua mfuko, nikainamisha pua, na mchele nikauhamisha.

Tulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kwaya ya kanisa letu pale Louisville, kanisa la watu wanaosali Kiswahili, lililoazima ukumbi wa Wamarekani kila Jumapili mchana. Alikuwa mjane, Mkongo wa upande wa Kivu, umri wake umepita sitini, mfupi, mwenye viganja vipana kuliko mwili wake. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania. Tulikaa jengo moja la apatimenti, mlango wake ukitazamana na wangu, nami nilikuwa nikiishi na mama yangu mzazi.

Lazima niseme kidogo habari zangu, la sivyo wivu wangu hautaeleweka. Kambini nilikaa miaka tisa kwenye dirisha la dawa la zahanati. Nilivaa koti jeupe. Watu walipanga foleni mbele yangu, nami niliwaeleza kidonge hiki asubuhi, kile jioni, hiki usinywe na tumbo tupu. Hata nje ya kazi walinisalimu kwa heshima ya koti lile. Louisville cheti changu hakikutambuliwa. Nikapata kazi ghalani, nikiskani maboksi saa kumi kwa siku, na cheti nikakiweka chini ya godoro kisije kikakunjika. Halafu akatokea mwanamke asiyejua kusoma vizuri lebo ya chupa, na foleni ikahamia mlangoni kwake. Wageni wengine walibisha kwangu kwa makosa. Nikifungua, wanatazama juu ya bega langu na kuuliza, "Mwalimu yupo?"

Mafuta yake yalianzia shambani. Ilikuwa miaka ile, 2014 na 2015, ambapo Kentucky ilianza kuwaruhusu wakulima wachache kujaribu hempu, ule mmea ambao ni ndugu wa bangi lakini hauleweshi. Mkulima mmoja mzee, saa moja kwa gari kutoka mjini, alikuwa na banda jeusi la mbao ambalo baba yake alikaushia tumbaku. Sasa alitundika hempu humo. Shemasi wetu mwenye basi dogo aliwapeleka huko wanawake watano wa kanisa kila msimu wa mavuno, na Mwalimu alikuwa mmoja wao. Kazi yao ilikuwa kushusha matawi, kung'oa maua na kuyatenga.

Wenzake walilalamika kwamba harufu ile inawaumiza kichwa. Mwalimu alisimama mlangoni mwa banda siku ya kwanza, hivyo ndivyo walivyonisimulia, akafumba macho kwa muda mrefu hadi mkulima akadhani amepata kizunguzungu. Kisha akaanza kutaja kwa vidole: ganda la limao, pilipili manga, mrehani, msonobari, na chini kabisa kitu kama embe bichi. Mkulima hakuelewa Kiswahili. Lakini baada ya wiki alikuwa akimletea matawi ya mafungu mbalimbali ayanuse, naye anayapanga: haya pamoja, haya pamoja, haya yameanza kuoza. Hakukosea. Msimu ulipokwisha, mzee yule aliwapa kila mmoja kopo la mafuta mazito ya kijani yaliyokamuliwa kutoka kwenye maua yale. Wenzake waliyasahau kabatini. Mwalimu aliyachanganya na mafuta ya nazi, akaongeza karafuu, mchaichai na ganda la limao lililokaushwa juu ya hita, akaanza kuwakanda watu.

Hempu aliiita shanvre, kwa Kifaransa chake. Neno bangi hakulitaka nyumbani mwake.

Na hapo kulikuwa na ukinzani ambao sikuwahi kuumaliza. Mwanamke huyuhuyu alimfukuza mpwa wake kwenye mazoezi ya kwaya kwa kunusa bangi kwenye jaketi lake, akamwambia arudi akishaoga na kutubu. Alisali kwa kelele kabla ya kufungua kopo, kisha akikanda alisengenya kwa utulivu kabisa. Alihubiri majani, lakini kichwa kikimuuma alivuka korido, akabisha mlango wangu taratibu na kuniomba vidonge viwili, akavimeza palepale kwa maji ya bomba, na akaniomba nisimwambie mtu. Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa waimbaji. Mwimbaji wa sauti ya tatu akikosea, alimsimamisha peke yake arudie mbele ya wote. Na mchanganyiko wake hakumfundisha yeyote. Nilimwuliza mara mbili anaweka karafuu kiasi gani. Mara zote mbili alinijibu kwamba inategemea.

Hakuwa mjinga, na hilo liliniuma zaidi. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye ugonjwa wa moyo, alimwomba ampe mafuta ayanywe, kwa kuwa amesikia Wamarekani wanayaweka chini ya ulimi. Alimkatalia. Alimwambia kwake ni ya kupaka tu, na kwamba mtu anayekunywa dawa za moyo asicheze. Akamleta hadi kwangu akiwa amemshika kiwiko.

"Huyu binti ndiye anasomaka," alimwambia. "Umuonyeshe vidonge vyako. Akikuambia uulize daktari, uulize daktari."

Nilimsomea mzee lebo zake, nikamwambia amwulize daktari. Mtu mwingine angeona heshima aliyopewa. Mimi niliona kwamba mgonjwa alifika kwangu kwa kuazimwa.

Mama yangu alikuwa na baridi yabisi ya magoti na vidole. Miaka yote kambini mimi ndiye niliyempaka dawa na kumpimia vidonge. Jioni moja nilirudi kutoka ghalani nikamkuta amekaa kwenye kiti cha Mwalimu, kitenge kimepandishwa, mguu uko mapajani mwa yule mwanamke, na mama anaimba kwa midomo iliyofumbwa. Ulikuwa wimbo wa zamani wa Kirundi wa kutwanga. Sijawahi kumsikia akiimba nikiwa namkanda mimi. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa chakula, na wote wawili hawakuniona.

Usiku ule mama alilala bila kuugulia. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa jikoni nikijiambia kuwa ni joto la mikono tu, kwamba mtu yeyote akikandwa nusu saa atapata nafuu.

Kesho yake nilimwendea Mwalimu nikiwa nimejiandaa. Nilimwambia kwamba dawa ni kitu kimoja kinachojulikana na kupimwa, na kwamba ndani ya hempu kitu hicho kinaitwa CBD. Mengine yote ni harufu, na harufu haitibu. Alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Bon," alisema. "Wewe unanusaka, ao unasomaka tu?"

Kisha akaacha kisu, akanieleza kwa uvumilivu uleule aliokuwa nao kwa waimbaji wapya. "Hii shanvre iko kama kwaya, mwanangu. Kuko ile sauti kubwa, donc ile yenye banaandika ku karatasi. Lakini nyuma yake kuko bengine, bale ba harufu. Ukibafukuza, ile moja inabakia inalia peke yake. Watu banasikia kelele, habasikii wimbo."

Nilikwenda maktaba Jumamosi iliyofuata. Sikwenda kujifunza. Nilikwenda kumshinda. Niliketi kwenye kompyuta mchana mzima na kamusi kando yangu. Nikakuta kwamba wataalamu wamezipa harufu zile jina, wanaziita terpini, na kwamba ile ya ganda la limao iko kweli ndani ya hempu, na ile ya msonobari, na ile ya mchaichai ambayo ndiyo pia hulitia embe bichi harufu yake. Wapo waliosema kwamba terpini na kanabinoidi, yaani CBD na ndugu zake, zikiachwa pamoja huenda zinasaidiana kutuliza maumivu na wasiwasi kuliko kila moja ikitengwa. Wengine walijibu kwamba ushahidi bado ni mchache, mwingi ni wa panya, na kwamba watu wanakimbilia kuuza kabla ya kujua. Haya ya pili niliyanakili kwa herufi kubwa.

Halafu nikafika kwenye pilipili manga. Terpini ya pilipili manga, ambayo imo pia ndani ya karafuu, hushika ndani ya mwili mlango uleule ambao baadhi ya kanabinoidi hushika. Niliisoma mara tatu. Mwanamke yule alikuwa akiongeza karafuu kwenye hempu bila kuambiwa na mtu, kwa kufuata pua yake tu.

Nilirudi nyumbani, nikamsomea yale niliyoyanakili. Bado haijathibitishwa, nilimwambia, ni panya tu. Habari ya karafuu sikumwambia. Alinishukuru kwa kazi niliyofanya, akanipa bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, nimpelekee mama.

Jambo kubwa kuliko yote ni kwamba mimi ndiye nilijua kilichomo ndani ya kopo lile kuliko yeyote kanisani. Msimu wa pili mkulima aliwapa wale wanawake karatasi ya maabara pamoja na mafuta, na Mwalimu akaniletea nimsomee. Alikuwa akingojea karatasi zake za ukaazi na aliogopa kitu chochote chenye mhuri. Nilimsomea mstari kwa mstari, vidole vyangu vikitembea juu ya jedwali kama zamani kambini. CBD nyingi. Ile kemikali inayolewesha, THC, kidogo mno, chini ya kiwango cha sheria ya Kentucky. Chini yake orodha ya terpini, na zilikuwa zilezile alizozitaja mlangoni mwa banda. Nilimwambia asiogope, mafuta haya hayamleweshi mtu na mzee wa shamba ana kibali. Alikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia yake.

Masika ya mwaka uliofuata kwaya yetu ilialikwa Reynoldsburg, kando ya Columbus, kwenye mkusanyiko wa kwaya za Waswahili wa Ohio na Kentucky. Mwalimu alikuwa amewafundisha wimbo mgumu wa sauti nne kwa miezi mitatu. Nilienda kwa ajili ya mama, ambaye hakutaka kuukosa. Tulifika Jumamosi saa sita mchana. Waimbaji walikuwa wamekaa ndani ya basi kwa muda wa saa nne, na mmoja wa wanawake alishuka shingo imekaza kiasi cha kushindwa kugeuka. Mwalimu akamketisha jikoni mwa ukumbi, akafungua kopo, akaanza kumkanda mabega.

Harufu ilitoka jikoni ikaingia ukumbini. Mzee mmoja wa kanisa mwenyeji alisimama akauliza nani amevuta bangi ndani ya nyumba ya Mungu. Watu walikusanyika kwenye mlango wa jikoni. Mchungaji wetu alifika, uso umemvimba kwa aibu mbele ya wenyeji wake, akachukua kopo na kulinusa. Mwalimu alisema ni mafuta ya shanvre, ya kukanda, na Kiswahili chake cha Kivu kikawachekesha wengine. Karatasi ilikuwa ndani ya Biblia, na Biblia ilikuwa Louisville, maana safarini alibeba ile ndogo. Ndipo Mchungaji akanitafuta kwa macho.

"Dada, wewe ulifanya kazi ya dawa," alisema. "Hiki ni kitu gani?"

Nilikuwa nimengoja miaka mitatu, tangu nifike Louisville, mtu aniulize swali hilo mbele ya watu. Ukumbi wote uligeuka unisikilize. Nakumbuka nilinyoosha mgongo.

"Ni mmea wa bangi, Mchungaji," nilisema.

Sikudanganya. Hempu na bangi ni mmea mmoja, mwanafunzi yeyote wa mimea atakwambia. Mwalimu alikuwa bado ameweka mikono mabegani mwa yule mwimbaji. Alinitazama bila hasira, akinisubiri, kama anavyomsubiri mwimbaji aliyevuta pumzi katikati ya mstari na ambaye hana budi kumalizia. Sikumalizia. Nilitazama sakafu. Nilipoinua macho, Mchungaji alikuwa akimimina mafuta kwenye sinki, na mtu alikuwa amefungua dirisha.

Mwalimu hakuongoza kwaya alasiri ile. Kijana wa sauti ya nne alipewa kazi hiyo, na sauti ya tatu ilipotea kwenye ubeti wa pili na haikurudi. Mwalimu alikaa nje kwenye ukingo wa maegesho, amefunika magoti kwa kitenge. Wakati wa kurudi alikaa kiti cha mwisho. Mama yangu alihama kutoka kando yangu, akaenda kukaa naye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Shemasi alisema basi lake halitapeleka tena mtu kwenye shamba la bangi, na wanawake wengine wanne wakapoteza kazi ya msimu pamoja naye. Waliokuwa wakija kukandwa waliacha, wengine kwa imani, wengi kwa hofu ya karatasi zao za ukaazi. Kwaya alipewa yule kijana. Mwalimu aliendelea kuja ibadani wiki kadhaa, akikaa nyuma, na hakuna aliyemwambia ahame benchi wala aliyekaa karibu naye. Kabla ya majira ya joto kwisha alihamia Buffalo kwa binti yake. Aliniaga mlangoni kwa mkono, akaniuliza hali ya mama, kana kwamba hakuwa ametoka kuagana naye ndani muda si mrefu. Sikuwa na ujasiri wa kumsaidia kubeba mizigo.

Nilidhani sasa foleni itarudi kwangu. Watu hawakuja. Mimi mwenyewe nilimpaka mama dawa ya dukani, naye akaninyooshea mguu kama mtu anayempa fundi kiatu. Mwaka uliofuata maduka ya Louisville yalianza kuuza mafuta ya hempu waziwazi, madirishani, na nikanunua chupa iliyoandikwa kuwa ni safi kabisa, CBD peke yake, kila kitu kingine kimeondolewa. Nilichagua hiyo makusudi. Ilikuwa maji meupe yasiyo na harufu. Nilimpaka mama kwa wiki tatu, nikiandika kipimo na saa. Sijui kama ilimsaidia. Alisema magoti yamepoa kidogo, halafu akasema hayakupoa, kisha akaniomba niache kumwuliza.

Kila Jumapili nilikuwa na shifti ya asubuhi ghalani. Mama alibaki nyumbani hadi wakati wa ibada. Sikuwa na sababu ya kujiuliza anafanya nini.

Mwaka 2017, mwanzoni mwa vuli, aliniambia nimpeleke Buffalo. Hakuniomba. Alisema tu kwamba miguu yake haitavuka baridi nyingine, na anataka kumwona Mwalimu wakati bado anaweza kupanda ngazi. Nilichukua siku mbili za likizo. Tulipokaribia Columbus, jirani ya Reynoldsburg, mama aligeuzia uso dirishani, akabaki hivyo hadi majengo ya mji yalipoisha.

Mwalimu aliishi ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani ya mbao. Alikuwa amepungua mwili, viganja vikaonekana vipana zaidi. Alifanya kazi ya kufua na kukunja mashuka kwenye nyumba ya kutunza wazee. Hakufundisha kwaya yoyote. Wajukuu wawili walikuwa mbele ya televisheni. Aliwaambia kwa Kiswahili watusalimie, wakatusalimia kwa Kiingereza bila kugeuka. Yeye na mama walishikana muda mrefu pale juu ya ngazi. Kisha mama akaketi jikoni kwenye kiti cha karibu na hita, bila kuonyeshwa, akavua viatu.

Niliamua nisiiache nafasi ipite. Nilisema nimekuja kuomba msamaha.

"Ya nini?" Mwalimu aliniuliza.

Nilielewa kwamba anataka niitaje. Nikaitaja yote, jikoni ya Reynoldsburg, karatasi ya maabara niliyoisoma kwa vidole vyangu, swali la Mchungaji na jibu langu. Nikamwambia na habari ya karafuu niliyomficha tangu siku ya maktaba. Hapo ndipo alipotabasamu kidogo, lakini tabasamu lile halikuwa langu. Alikuwa akiifurahia karafuu.

Mama alisema, bila kunitazama, kwamba alijua. Karatasi ile nilimsomea Mwalimu mezani petu, naye alikuwa amekaa palepale akichambua mchele.

"Mama yako ananipigiaka simu kila Jumapili," Mwalimu alisema. "Tangu nilihama. Tunasemaka juu yako. Aliniomba nisikuchukie."

Nilihisi wivu tena, wa zamani, mzima kabisa. Muda ule wote nikiwa ghalani wao wawili walikuwa wakizungumza, na mimi nilikuwa mgonjwa wao. Niliuliza kama alifaulu kutonichukia.

"Hapana," alisema. "Nilikasirika mwaka muzima. Nilikuombea mabaya. Nikachoka, naona na Mungu alichoka kunisikiliza." Alivuta kiti akaketi mbele ya mama, akauchukua mguu wake wa kushoto, akauweka mapajani. "Lakini pole yako mimi sina pa kuiweka. Ulisema nusu. Sema ile nusu ingine."

"Nimekwisha kukwambia, Mwalimu."

"Haiko mimi uliniambia ile nusu ya kwanza."

Nilitazama simu yangu juu ya meza. Ilikuwa Ijumaa alasiri, saa ambayo Mchungaji huwa nyumbani akiandaa mahubiri. Nikafikiri habari hii itafika kwa shemasi kabla sijamaliza safari ya kurudi, kwa waimbaji, kwa wale wanawake wanne, na kwamba kuanzia Jumapili hiyo nitakuwa mimi ninayekaa benchi ya nyuma. Mama alikuwa amefungua mkoba wake. Kutoka chini ya kitenge cha akiba alitoa kopo la mafuta ya kijani. Mmoja wa wale wanawake alikuwa amemwendea mkulima wa zamani akamletea. Tulikuwa tumelivusha Ohio nzima ndani ya gari langu bila mimi kujua. Mwalimu alilifungua, akanusa, akafumba macho. Akatia vidole.

Nikapiga. Niliweka simu kwenye spika bila kuambiwa. Mchungaji alipokea kwa furaha, akauliza safari, akauliza hali ya mama.

"Mchungaji," nilisema, "yale mafuta ya Reynoldsburg. Nilikuwa nimesoma karatasi yake ya maabara mapema. Nilijua hayaleweshi. Nilijua shamba lina kibali. Uliponiuliza nilijua yote, nikakwambia nusu, kwa sababu nilimwonea Mwalimu wivu. Nataka uwaambie watu, au nitawaambia mwenyewe Jumapili."

Nyuma yangu mama alikuwa ameanza kuimba kwa midomo iliyofumbwa, ule wimbo wa kutwanga, na harufu ya limao na pilipili manga ilikuwa imejaa jikoni. Nilisubiri, mkono wangu umeshika ukingo wa meza.

Hatimaye Mchungaji akasema, kwa sauti ya chini, kwamba nitawaambia mwenyewe, naye atasimama kando yangu, kwa kuwa aliyemimina yale mafuta ni yeye. Kisha akauliza kama Mwalimu yuko hapo karibu. Akaomba nimpe simu.

Niligeuka nikamnyooshea Mwalimu simu. Hakuinua kichwa kutoka kwenye goti la mama.

"Umuambie mikono yangu iko na mafuta," alisema.

Nikamwambia Mchungaji hivyo hivyo, neno kwa neno, bila kupunguza.